Anayebebwa Hasemi

Wengi mmenishika shati kuhusu zile ndara. Tulieni, leo tunafika.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni Vlasta, mke wa Zvonko, wa vilima vya mizabibu karibu na mji wa Ljutomer. Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili. Juu tunakaa mimi, Zvonko na binti yetu Tinkara, msichana wa miaka kumi na saba. Chini anakaa mama mkwe wangu, Mama Roza, na funguo zote anazo yeye.

Mwezi uliopita nilimpelekea supu. Mlangoni kwake, kwenye foleni ya ndara za kuvalia ndani, nikakuta jozi moja ndogo ya kitambaa cha bluu. Zote mbili zingeenea kwenye kiganja changu.

"Za nani hizi, Mama?"

"Za mjukuu wa jirani. Mtoto wa watu akija, atembee pekupeku kwenye sakafu yangu?"

Jirani yetu ana mtoto mmoja tu, naye ni padri.

Nikanyamaza. Kama mmenifuata tangu mwanzo, mnajua kunyamaza ndiyo kazi niliyosomea.

Jioni ile ile, mezani, Mama Roza akatangaza safari.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi twende Bled, familia nzima. Tuone ziwa, tuone kanisa la kisiwani. Kabla ya kuvuna zabibu tuondoe nuksi. Zvonko atambeba mkewe upya."

Zvonko aliinamia sahani yake. Mimi kijiko kilinianguka.

Lazima niwaeleze, maana hapo ndipo maisha yangu yalipoharibikia. Wanaofunga ndoa kwenye kisiwa cha Bled wana desturi yao. Bwana harusi humbeba mkewe kutoka kwenye maji hadi mlango wa kanisa, ngazi za mawe karibu mia moja. Akifika naye juu, huyo ni mwanamume. Na anayebebwa hasemi. Akifungua mdomo kabla ya mlango, ndoa imeingia mkosi.

Mimi nilibebwa miaka kumi na tisa iliyopita. Nilikuwa na kilo zangu, sikatai, lakini mdomo niliufunga. Tulipofika katikati Zvonko alianza kuhema kama punda wa kinu. Akaniweka chini, akaegemea ukuta, akajifuta jasho. Kisha akanibeba tena.

Juu, mama yake alikuwa anatungoja na ndugu zake wote.

"Mbona ulimshusha?"

"Vlasta kaniambia nimshushe," alisema Zvonko.

Sikusema neno, si kwenye ngazi wala pale juu. Nilimpenda. Nikaona bora niitwe mropokaji kuliko mume wangu aitwe dhaifu mbele ya ukoo wake siku ya harusi yake.

Basi, kila baya lililoingia nyumba ile lilitoka mdomoni mwangu. Mvua ya mawe ikapiga mizabibu, ni mdomo wa Vlasta. Kiwanda cha fanicha kikafungwa, Zvonko akakosa kazi, ni mdomo wa Vlasta. Mwaka jana Tinkara alianguka na pikipiki akavunja mkono. Mama Roza alikuja hospitali, akanitazama mimi kwanza, kisha ndipo akamtazama mtoto.

Kwa hiyo aliposema nitabebwa upya, mimi mjinga nilifurahi. Nilisema moyoni, nikifika juu kimya, kesi imekwisha. Atanifutia. Nitakuwa mtu ndani ya nyumba niliyoifagia miaka yote hii.

Nikaacha mkate. Nikaacha mafuta ya nguruwe, nikaacha hata divai yetu wenyewe. Nilikula supu tupu mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni.

Zvonko naye alifanya mazoezi. Kila jioni alibeba magunia ya mbolea kutoka kwenye gari hadi ghalani, na akirudi ana jasho na uso mwekundu. Nilikuwa namtazama dirishani, machozi yananilengalenga. Nilidhani anajiandaa kwa ajili yangu.

Sikujiuliza mbona magunia yalikuwa mengi hivyo, na mizabibu yetu ni michache.

Jumamosi yenyewe ilipofika tukaondoka. Mama Roza kiti cha mbele, kama kawaida. Mimi na Tinkara nyuma, kapu katikati yetu, ndani mikate yenye nyama ya kukaanga. Mama Roza hawezi kuilipa hoteli chakula anachoweza kukibeba.

"Mama, umekonda. Unaumwa?" Tinkara aliniuliza.

"Najiandaa kubebwa."

"Baba angembeba Bibi. Hapo ndipo tungejua kama kuna mwanamume."

"Nasikia," alisema Mama Roza kutoka mbele.

"Nimesema usikie, Bibi."

Tulicheka wote isipokuwa dereva. Zvonko alishika usukani kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Ziwa lilikuwa shwari na watu wamejaa. Tukakaa kwenye mkahawa wa ukingoni, na hapo Mama Roza akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Aliagiza keki. Ile ya krimu ya Bled, nene, inayotetemeka ukigusa meza. Aliagiza tatu.

"Na Mama?" Tinkara aliuliza.

"Mama yako baada ya ngazi. Hatujazi gunia kabla ya kulipima."

Zvonko alikula yake mpaka sukari ya mwisho. Hakuniinulia macho. Tinkara alinisogezea kijiko chini ya meza, nikakikataa. Nilikuwa nimeamua, na nikiamua nimeamua.

Mashua zile ni bapa, zina paa la turubai, na anayepiga makasia husimama nyuma. Yeye ndiye anayepanga watu kwa uzito, maana upande mmoja ukizidi mnaogelea. Wetu alikuwa mzee mwenye mashavu mekundu na maneno mengi.

"Bibi mwenye kapu, huku. Bwana, kaa mkabala naye. Mama mwembamba, wewe kaa popote, huongezi wala hupunguzi."

"Huyo anabebwa leo," alisema Mama Roza.

"Huyu?" Mzee akamwangalia Zvonko. "Bwana, umri wenu watu husaidiana kuteremka. Lakini sawa. Kumbuka, mama, anayebebwa hasemi. Nimepeleka maharusi wengi. Waliosema nimewarudisha, na nimewarudisha wakiwa wamekaa kona mbalimbali."

Watalii walicheka. Mama Roza hakucheka.

"Umesikia?" aliniambia.

"Nimesikia, Mama."

"Chochote kitakachotokea kwenye ngazi, usifungue mdomo. Niapie."

"Naapa."

Ilinipita hivi hivi ile "chochote". Sasa naisikia kila siku.

Tulipofika kisiwani Mama Roza alipanda mbele, mkono kwenye nguzo ya ngazi, kwa miguu yake mibovu, bila kupumzika. Alitaka awe juu kabla yetu. Tinkara alibaki chini na simu yake.

"Nitawarekodi kuanzia hapa, halafu nitawafuata," alisema. "Baba, ukimwangusha nitaionyesha dunia nzima."

Zvonko aliinama, akaniinua. Msomaji, sikudanganyi, aliniinua kama mto wa kulalia. Nikamshika shingo. Miaka mingapi sijamshika shingo? Alinuka sabuni na sukari ya ile keki. Watu walianza kupiga makofi, na mimi, mwanamke mzima, nikaona haya kama msichana.

Akapanda. Ngazi za kwanza kimya. Nikafumba macho, nikasema, Mungu wangu, kumbe bado.

Kisha akaleta mdomo sikioni mwangu.

"Vlasta. Usiseme kitu. Mama anatazama."

Nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha nimeelewa. Nilidhani ataniambia ananipenda.

"Kuna mtoto."

Akapanda ngazi nyingine.

"Ana miaka miwili. Wa kiume."

Akapanda nyingine.

"Ni wangu. Ni wa Nada."

Nada ni muuzaji wa duka la mbolea.

Sikieni, watu. Kuna maumivu ambayo mtu hupiga yowe, na yowe lenyewe ni dawa. Mimi dawa hiyo nilikuwa nimeapa kutoinywa. Mwili mzima ulikuwa unataka kulia na mdomo umefungwa. Nilibaki kwenye mikono ya mtu yule yule anayenichinja, nimemkumbatia shingo ili nisianguke.

"Nilitaka kukuambia zamani," alisema. Alikuwa anahema, lakini alikuwa anahema vizuri, kwa mpango. "Nyumbani ungepiga kelele. Tinkara angesikia. Majirani wangesikia. Hapa tunaweza kuongea."

Tunaweza kuongea! Yeye anaongea, mimi nimebebwa.

Tukafika katikati, kwenye ule ukuta aliouegemea siku ya harusi. Nikasema moyoni, hapa atachoka. Hapa ataniweka chini, nami nikigusa jiwe tu, kiapo au si kiapo, nitasema mpaka samaki wa ziwa hili wanijue jina.

Hakuchoka. Alipita ukuta ule bila hata kuutazama. Mgongo uliokuwa ukimuuma kila nilipomwomba asogeze kabati, siku hiyo ulikuwa mzima. Magunia ya Nada yalikuwa yameukomaza.

Mwanamke mmoja mtalii alitupita akishuka, akaweka mkono kifuani, akamwambia mumewe kitu kwa lugha yao. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa anamwambia, watazame hawa, wewe ungenibeba hivi?

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Hata mimi nimejiuliza. Kwanza nilitaka kumng'ata sikio. Lilikuwa pale, karibu na meno yangu. Lakini nikainua macho nikamwona Mama Roza mlangoni, mdogo, kwenye nguo nyeusi, amekunja mikono. Nikawaza, nikisema sasa, mambo yote yatakuwa kweli. Itasemwa ndoa ilivunjika kwa sababu Vlasta aliongea kwenye ngazi. Hata huyu mtoto wa Nada atakuwa ametoka mdomoni mwangu. Nikasema, hapana. Leo hampati hilo. Nitafika juu kimya, nitatimiza sharti lenu mpaka tone la mwisho, halafu tutaona mtanidai nini.

Nikafika juu kimya. Midomo ilikuwa na damu, nilikuwa nimeing'ata kwa ndani.

Zvonko aliniweka chini mbele ya mlango. Mama Roza hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwanawe.

"Kanyamaza?"

"Kanyamaza."

"Umemwambia yote?"

Sikulisikia swali lile vizuri. Lilinipita juu ya kichwa, maana wakati huo huo alinikumbatia, akanibusu shavu hili na shavu hili.

"Mwanangu," aliniita.

Neno hilo nilikuwa nimelingoja tangu nilipovuka kizingiti chake na sanduku langu. Nililitafuta kwa supu, kwa kufua, kwa kumkanda miguu siku za baridi. Limekuja siku nisiyo na haja nalo.

Akanishika mkono mpaka ndani ya kanisa. Pale katikati kuna kamba ndefu inayoshuka kutoka mnarani. Ukiivuta kengele ikalia mara tatu, unaomba jambo lako moja.

"Vuta, uombe," alisema. "Omba amani ya nyumba."

Nikaivuta. Kengele ile ina ukaidi, haiji kwa mvuto wa kwanza. Niliing'ang'ania kwa uzito wote uliobaki baada ya supu zile. Ikalia. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu nikaiachia kamba, nikamgeukia mama mkwe wangu. Nilimhurumia, ndiyo ajabu yake. Nilijua namvunjia mzee moyo.

"Mama," nilisema, na sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni. "Samahani kwa nitakalokuambia. Mwanao ana mtoto nje. Muulize mjukuu wako anaitwa nani."

Mama Roza hakushtuka. Alitoa leso kwenye mkoba, akanifuta damu iliyonitoka pembeni mwa mdomo.

"Anaitwa Lovro," alisema.

Ndara za bluu. Zile ndara za bluu mlangoni pake, kwenye foleni pamoja na zangu.

"Unajua?"

"Nilijua kabla hajazaliwa. Zvonko alikuwa anaogopa kukuambia. Nikamwambia, mwambie kwenye ngazi. Pale atanyamaza, na akishalimeza halitarudi." Aliikunja leso upande wenye damu ukaingia ndani. "Jumapili ataletwa kwa chakula cha mchana. Mtoto hana kosa. Utapika supu ya ng'ombe, ukate tambi nyembamba, maana zile nene zinamkaba."

Nikamtazama Zvonko. Alikuwa anaitazama dari ya kanisa kama msomi wa michoro.

"Kwa hiyo ile nuksi," nilisema. "Kubebwa upya. Mdomo wangu. Yote ilikuwa ya nini, Mama? Mimi siku ile sikusema. Naapa mbele ya madhabahu hii, siku ya harusi sikusema neno."

"Najua hukusema."

"Unajua?"

"Nilikuwa juu, Vlasta, natazama. Macho yangu wakati ule yalikuwa mazima. Niliona mdomo wako umefungwa, niliona ni yeye aliyechoka." Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake namna ya kukanda unga. "Kisha akasema uongo, na wewe ukaukubali. Nikasema, huyu anafaa. Mwanamke anayebeba kosa lisilo lake, huyo unaweza kukaa naye nyumba moja mpaka ufe. Hukuniangusha hata siku moja."

Zvonko akageuka. Nadhani hilo hata yeye alikuwa halijui. Miaka yote hiyo alidhani amemdanganya mama yake.

Nikashika benchi. Sikulia. Nilikuwa naihesabu mvua ya mawe, kiwanda, mkono wa Tinkara, kila jioni niliyopanda ngazi za nyumba ile nimeinamisha kichwa. Alijua. Kila alipofungua kinywa kunilaumu, alijua.

Kutoka chini yule mzee wa mashua akapiga ukelele kwamba muda umekwisha.

"Twende," alisema Mama Roza. "Lazima tukae kama tulivyokuja, asije akatulalamikia. Na sasa unaweza kula keki yako."

Tukageuka kuelekea mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Tinkara. Simu ilikuwa mkononi, imeinuliwa, kile kitaa chake chekundu kinawaka. Uso ulikuwa umemwiva kwa kupanda mbio. Sijui alikuwa amesimama pale tangu kengele ya ngapi.

"Lovro ni nani?" aliuliza.

Mama Roza alifunga mkoba wake.

"Nimewauliza. Bibi, Lovro ni nani? Baba?"

Mama Roza alinishika kiwiko, akanibana. Nilizijua kucha zile. Na Zvonko, mume wangu, mwenye maneno yake yote ya kwenye ngazi, alinitazama mimi. Alinitazama kwa macho yale yale ya siku ya harusi, alipokuwa anajifuta jasho na uongo bado haujamtoka. Alikuwa ananiomba nimbebe.

"Mama," Tinkara alisema. "Kwa nini una damu mdomoni?"

Nikautoa mkono wa Mama Roza kwenye kiwiko changu, kidole kimoja kimoja.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," nilimwambia.

"Nizime simu?"

Nikamtazama Zvonko. Nikamtazama mama yake.

"Usizime," nilisema.